Mwenye nyumba, ziba tundu kabla mpangaji hajanunua sumu

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga na kukarabati nyumba Temeke, Mbagala na Yombo tangu nilipokuwa saidia fundi wa kubeba zege, na nyingi ni zile nyumba zetu za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na jiko la wote. Wapangaji wakiniita kwa habari ya panya, kitu cha kwanza wanachonionyesha ni sumu. Wameshatega ile ya unga mweusi, wameshatega ile ya punje za rangi ya waridi, wamenunua na ile ya kichupa. Nikiwauliza panya anaingilia wapi, wanatazamana. Wengine wamekaa humo miaka na hawajawahi kupanda juu ya kiti kumulika pale ukuta unapoishia.

Niseme wazi mapema ninachotaka kusema. Kumzuia panya ni kazi ya ujenzi, na kwenye nyumba ya kupanga kazi ya ujenzi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji amebebeshwa vita asiyoweza kuishinda akiwa peke yake chumbani na pakiti ya shilingi mia tano, na katika vita hiyo anaweka sumu pale pale mtoto wake anapotambaa. Nimeyaona haya mara nyingi mno, na yananiuma.

Nianze na juu, maana huko ndiko nyumba nyingi zinakoachwa wazi. Ukimaliza kozi ya mwisho ya tofali, ukapandisha kenchi, ukapigilia papi na kuezeka, kati ya mgongo wa ukuta na bati hubaki uwazi. Mahali pengine unapitisha kiganja kizima. Hata pale bati lilipokaa vizuri juu ya ukuta, mawimbi yake yanaacha mdomo baada ya mdomo, kutoka kona hadi kona. Uwazi ule unatakiwa ujazwe kwa vipande vya tofali na udongo wa saruji kuzunguka nyumba yote. Si kazi kubwa. Fundi mmoja na saidia wake wanaimaliza haraka. Lakini inakuja mwishoni kabisa, wakati fedha imekata na mwenye nyumba anataka wapangaji waingie mwezi huo huo. Basi husema: acha fundi, hapo tutamalizia. Wapangaji wanaingia, kodi inalipwa, wanatoka, wanaingia wengine, na pale juu hapajaguswa. Nimewahi kurudi kwenye nyumba niliyoshiriki kuijenga nikiwa kijana, nikaukuta uwazi ule ule, sasa umepakwa weusi wa mafuta ya manyoya ya panya wanaopita.

Halafu kuna kuta za ndani. Katika nyumba isiyo na dari, kuta zinazogawa vyumba huishia kozi chache juu ya linta, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni wazi. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita anamsikia. Panya hutembea juu ya kuta hizo usiku kucha. Anakula makombo ya ugali chumba cha mbele, anazalia kwenye sanduku la nguo chumba cha nne, anakunywa maji kwenye ndoo ya bafuni. Anayenunua sumu ni mpangaji mmoja, na panya ni wa nyumba nzima. Ndiyo maana mama wa chumba cha pili anaweza kutega mwaka mzima na bado akasikia kukwaruzwa kila taa ikizimwa.

Mwenye dari asijione amepona. Dari ikipigiliwa wakati uwazi wa juu haujajazwa, panya amejengewa nyumba yake: joto, kavu, giza, na paka hafiki. Mafundi umeme wenzangu wanaweza kukueleza wanachokikuta huko. Nyaya zimemenywa mpira, shaba inang'aa juu ya mbao kavu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune, na waya wa umeme kwake ni sawa na kijiti. Tunalia moto wa hitilafu ya umeme, lakini ni nani aliyepanda darini kutazama hiyo hitilafu imetoka wapi?

Chini nako kuna njia. Fundi bomba anatoboa ukuta kupitisha bomba la inchi nne, anavunja tundu la kichwa cha mtoto, anapitisha bomba lake, anaondoka. Chemba ya maji machafu haina mfuniko, au mfuniko umepasuka. Mlango wa uani umeliwa na maji upande wa chini, ukiufunga unaona miguu ya mtu aliye nje. Nyuma ya nyumba kuna tofali zilizobaki, mbao za zamani, mabati yenye kutu na kochi lililovunjika ambalo kila mtu anasema si lake. Humo ndimo anamolala mchana.

Yule panya mdogo wa kijivu, wa kujificha kabatini, hupita kwenye tundu la milimita 6. Penseli ikipita, na yeye anapita. Panya mkubwa anahitaji kama sentimita 2, upana wa dole gumba la mtu mzima. Mbao anatoboa, plastiki anatoboa, na lipu ambayo fundi ameipunja saruji anaimenya kwa kucha. Kitu kinachomshinda ni zege lililochanganywa vizuri, na chuma.

Sasa kwa nini sumu haimmalizi? Kwa sababu panya anajua kuogopa. Akikuta kitu kigeni kwenye njia yake ya kila siku, hukikwepa, pengine siku kadhaa. Kisha anaonja, kidogo sana. Mwili wake hauwezi kutapika, na kiumbe asiyeweza kutapika hana budi kuwa mwangalifu na kila anachotia mdomoni. Akionja kitu kikamuumiza bila kumuua, hakigusi tena. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapa hapa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyafichua Kambodia. Panyabuku si yule wa darini kwako, lakini mtu akiniambia panya ni mjinga, atakula chochote kilichonyunyiziwa unga, huwa namtajia Magawa.

Na hata wanaokula wakafa, pengo lao linajazwa upesi. Jike hubeba mimba wiki tatu tu. Huzaa sita, nane, pengine zaidi, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kushika mimba nyingine. Watoto hao wakifika miezi miwili au mitatu nao wanaanza. Ua wanane katika kumi, acha chakula kile kile na tundu lile lile, na waliobaki watapata nafasi na shibe ya kuzaa kwa raha. Mpangaji anafurahi wiki mbili, anasema ile dawa ilikuwa kiboko, kisha anaisaka tena kwa muuzaji yule yule.

Sumu zenyewe ni zipi? Ule unga mweusi wenye harufu inayokaribia kitunguu saumu, kwa kawaida ni zinki fosfaidi. Ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Haichagui tumbo la panya na la mtu. Hakuna dawa inayoivunja nguvu; hospitali inaweza tu kumshikilia mgonjwa apumue na moyo usisimame mpaka mwili wenyewe ushinde au ushindwe. Punje za rangi mara nyingi ni za aina ya kuzuia damu isigande, kama brodifakumu. Panya anakula leo, anakufa siku ya tatu, ya tano au baadaye, damu ikimvujia ndani kwa ndani. Hiyo ina tiba, nayo ni vitamini K, lakini daktari lazima ajue kwamba ndiyo iliyoliwa.

Hapo ndipo penye msiba wetu. Nilikuwa nakarabati choo cha nyumba moja Mbagala, mama mmoja akatoka mbio korido na mtoto mkononi. Alikuwa ametega sumu kwenye kipande cha kiazi chini ya kitanda, mtoto akakitoa na kukilamba. Tulikimbia naye hospitali kwa bodaboda. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: sumu gani? Mama alikunjua karatasi ya gazeti. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi, halina jina, halina namba, halina hata neno moja la onyo. Mtoto yule alipona, na Mungu ashukuriwe. Lakini sijasahau sura ya mama yake aliposhindwa kujibu swali lile. Hakuwa mzembe. Usiku uliotangulia panya alikuwa amempita mtoto huyo huyo usoni, na mwenye nyumba alikwisha kumwambia kwamba mambo ya panya ni ya mpangaji.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ipo, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa kazi ya kusajili na kudhibiti vitu hivi. Kiuatilifu kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na lebo. Na bado kila asubuhi mtaani kwetu anapita kijana na spika begani ikitaja panya, mende, kunguni na viroboto kwa sauti iliyorekodiwa, na kwenye ndoo yake mna vipakiti alivyofunga mwenyewe. Sina ugomvi na kijana anayetafuta riziki. Ugomvi wangu ni na yule anayemwuzia kwa kilo, anayejua fika kwamba kitapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye gazeti. Huyo ana duka, ana leseni, na afisa biashara anajua lilipo.

Kuna jambo jingine juu ya sumu ambalo watu wa mjini hawalijui, na mimi nalijua kwa sababu ya nilikotoka. Nimezaliwa kijijini wilaya ya Lushoto, huko milima ya Usambara. Tauni iliingia kwetu mwaka 1980 na kwa zaidi ya miaka ishirini iliendelea kurudi. Watu waliougua ni maelfu, na waliokufa ni mamia. Nyumba zilikuwa za fito na udongo, mahindi yakihifadhiwa darini juu ya moto wa jiko, na sisi watoto tukilala chini kwenye mkeka. Mtu alianza na homa kali, kisha mtoki ukavimba kwenye kinena au kwapani, na asipowahishiwa dawa alikuwa amekwenda. Tulifundishwa kwamba ukikuta panya amekufa ndani, usimshike kwa mkono, toa taarifa.

Mabwana afya waliokuja kijijini walikuwa na utaratibu ambao haukuvunjwa. Kwanza unga wa kuulia viroboto, kwenye sakafu, kwenye njia za panya, kwenye vitanda. Baadaye ndipo panya wenyewe. Maana kinachombebea mtu tauni kutoka kwa panya ni kiroboto, na panya akifa, kiroboto wake haozi naye. Mwili ukipoa anaruka kutafuta damu nyingine, na aliye karibu ni mtu aliyelala chini. Siogopeshi watu kwamba kuna tauni Temeke. Lakini panya aliyekufa kwa sumu ndani ya dari, ambaye hakuna awezaye kumfikia, anaacha viroboto na uvundo juu ya vichwa vya familia sita, na hilo wapangaji wengi mnalifahamu kwa pua zenu.

Kuhusu mkojo wa panya, nchi nzima ilipewa somo mwaka 2022. Mwezi Julai, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, kichwa na uchovu, wengine damu ikawatoka puani, na kwa siku kadhaa tukawa tunasikia habari za ugonjwa usiojulikana. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Tangazo lile lilitaja wagonjwa 20, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Vimelea vyake hutoka na mkojo wa wanyama, panya akiwa mmojawapo, vikaingia kwa mtu kupitia maji, tope, kidonda, macho au mdomo. Ugonjwa huo una dawa za kawaida za kuutibu ukiwahi. Baada ya tangazo lile watu walifunika ndoo za maji kwa mwezi mmoja hivi. Siku hizi napita korido za nyumba za watu nakuta ndoo wazi, na makreti ya soda yamepangwa chini kwenye njia ya panya, na mtu anafungua chupa na kuweka mdomo bila hata kuipangusa.

Wazee walisema panya hung'ata huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala hashtuki. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, vidole vikiwa vinanukia dagaa au mdomo una maziwa, na kuwanawisha kabla ya kulala ni kinga ya bure. Lakini wapo ambao hata bila kupulizwa hawatasikia. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa ya fahamu ya miguu imekufa ganzi anaweza kuliwa kidole usiku akaja kuona damu kwenye shuka asubuhi. Madaktari wanaotibu miguu ya wagonjwa wa kisukari hapa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo. Kidonda cha mguu kwa mtu wa kisukari kinaweza kuishia kwenye kukatwa mguu. Kwa hiyo mwenye nyumba anaposema panya ni kero ndogo tu, nataka amkumbuke mzee wa chumba cha tano.

Kazi inayomaliza panya naieleza kama ninavyoifanya. Tunaanza jioni, kwa tochi. Tunatafuta weusi wa mafuta kwenye kona za kuta, tunatafuta vinyesi, na pale tusipo na uhakika tunamwaga majivu mepesi sakafuni na kuja kusoma nyayo asubuhi. Panya hapendi kukatisha katikati ya chumba. Anafuata ukuta, na ukuta utakupeleka kwenye tundu lake. Kesho yake tunapanda juu. Uwazi kati ya ukuta na bati tunaujaza kwa vipande vya tofali na udongo wenye saruji ya kutosha. Kwenye mawimbi na kwenye matundu ya hewa tunaweka wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa chekeche la mchanga laini, kwa sababu wavu wa banda la kuku panya mdogo anapita. Pembeni ya mabomba tunasokomeza wavu ule ule au vipande vya chupa zilizopondwa, ndipo tunaziba kwa zege. Mlango wa nje tunaupigilia kipande cha bati chini, pande zote mbili. Chemba inapata mfuniko. Kochi la nyuma linakwenda zake.

Waliobaki ndani tunawamaliza kwa mitego ya kubana, ile ya mbao au chuma. Wengi wanakosea kwa kutega mmoja na kuutega usiku huo huo. Pangeni mingi, na siku mbili tatu za kwanza iwekeni na chambo bila kuitega, wale waizoee. Chambo kizuri mjini kwetu ni nazi iliyochomwa au dagaa wa kukaanga, aliyefungwa kwa uzi ili asinyakuliwe. Mtego ukae umegusa ukuta, upande wa chambo ukiuelekea. Ile gundi siipendi. Panya hukaa amenasa akijikojolea usiku mzima, mijusi wanaokula mbu wananasa pia, na mtu wa kumwondoa anajipaka mikojo yote ile. Vinyesi visifagiliwe vikavu, vumbi lake likavutwa puani. Mwagieni maji yenye klorini, subirini kidogo, kisha futeni mkiwa mmevaa mfuko wa plastiki mkononi.

Paka namheshimu, na panya wadogo anawamaliza kweli, lakini dume la panya lililoshiba jaa la sokoni paka wengi hulipisha njia. Bundi je? Bundi ni mwindaji wa panya kuliko sisi sote, na anapotua juu ya bati tunampiga mawe tukisema ni mchawi. Panya aliyekula sumu ya kuvuja damu anakokota miguu siku kadhaa kabla hajafa, naye ndiye rahisi kukamatwa na paka na bundi, wakafa kwa sumu ile ile. Tunawaua wale waliokuwa wakitusaidia bila mshahara.

Najua wenye nyumba watanijibu nini, kwa sababu nimejibiwa hivyo nikiwa juu ya ngazi: wapangaji ni wachafu. Wapo, sikatai. Masufuria yanalala na ukoko, unga unakaa kwenye kiroba cha nailoni ambacho panya anakifungua kwa dakika moja, taka zinasubiri gari ambalo huenda lisije wiki hiyo. Hayo ni ya wapangaji na lazima wayafanye: unga na mchele kwenye ndoo ya plastiki nene yenye mfuniko au debe la bati, taka zifungwe, sufuria zioshwe kabla ya kulala. Lakini panya mkubwa anatosheka na chakula kidogo mno kwa siku, kiasi cha gramu 30 hivi. Nyumba yenye familia sita na kuku wa jirani haiwezi kukosa gramu 30. Mpangaji msafi kuliko wote bado ataingiliwa ikiwa juu ni wazi, kwani anaweza kuosha sufuria zake zote lakini hawezi kupandisha tofali kwenye ukuta usio wake. Akifanya hivyo kwa fedha yake, mwenye nyumba ana uhuru wa kumpandishia kodi mwezi ujao kwa kuwa nyumba imekuwa nzuri. Hilo nalo nimelishuhudia.

Gharama ni ipi? Kwa nyumba ya vyumba sita isiyo na balaa kubwa, ni mifuko michache ya saruji ya kilo 50, mchanga, wavu na ujira wa fundi. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya miezi sita mkononi kutoka kwa watu sita hana haki ya kuniambia hana fedha ya saruji.

Tangu Desemba 2015 ilipotumika sikukuu ya Uhuru kufanya usafi nchi nzima, tumezoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufagia. Tunafagia mbele, tunachoma majani, tunafungua biashara saa nne. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa akitaka, Jumamosi moja kati ya hizo inaweza kuwa ya kuzunguka nyumba kwa tochi na chaki: kila tundu litiwe alama, mwenye nyumba apewe barua yenye tarehe. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kuamuru kero iondolewe. Anaitumia kwa mama lishe asiyevaa aproni. Aitumie na kwa nyumba ambayo watu wanalala na panya juu ya vifua vyao. Mkataba wa kupanga, ambao siku hizi mtaa unaugonga muhuri na kuchukua ada yake, uwe na mstari mmoja wa nyongeza: uwazi wa juu, mabomba na milango vimezibwa, na vikifunguka ni juu ya mwenye nyumba kuviziba.

Na wewe unayetafuta chumba, usidanganywe na rangi mpya na vigae. Nenda kukiona mchana, jua likiwa kali. Funga mlango na dirisha, zima taa, inua macho. Kila unapoona mwanga wa nje unapenya kati ya ukuta na bati, mwonyeshe dalali na mwenye nyumba hapo hapo, na fedha ya miezi sita ibaki mfukoni mwako mpaka fundi ashuke kwenye ngazi.